Meza Zetu za Jumamosi

Kwako Mama yangu,

Shikamoo. Ni mimi mwanao wa pili, yule unayemwita Kidomo hata mbele ya wageni. Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni, mgongo nimeuegemeza kwenye mlango wa chumba cha watoto, maana wamelala mchana huu wote watatu kwa pamoja, jambo ambalo halijatokea tangu tuhamie hapa, na mimi nikinyanyuka tu lazima mmoja ataamka. Goti lako linaendeleaje? Na ile dawa ya macho umeimaliza, au umeiacha katikati ukasema macho yameshasikia? Nakuombea afya, na nyumba nzima hapo naiombea hivyo hivyo.

Sisi tu wazima. Baba yao yupo, anahangaika na lifti za watu. Mchana kutwa anazitengeneza zipande na kushuka, jioni anapanda ngazi kwa miguu mpaka ghorofa ya tano, kwa sababu lifti ya jengo letu mwenye nyumba hataki kuinunulia kifaa kipya. Majirani wanamcheka, wanasema kinyozi hajinyoi. Mjukuu wako mkubwa, binti yetu Wakili, ametimiza miaka saba na bado hajashindwa kesi hata moja humu ndani. Kitoto ana miezi tisa, meno mawili, na yote mawili yanafanya kazi.

Na Mzee. Najua umeruka mistari yote ya juu ukimtafuta yeye. Mzee mzima, Mama. Ana miaka minne na bado anatembea mikono nyuma kama mtu aliyestaafu. Barua hii ni yake. Nimepata ujumbe wako kwamba mwisho wa mwezi mjomba atafunga safari aje amchukue, akakae kwako mpaka anenepe. Sikukujibu kwa simu. Kwenye simu wewe una sauti na mimi nina machozi, na mashindano hayo nimeshashindwa mara nyingi. Kwenye karatasi tuko sawa. Ninachokuomba ni kimoja tu, usome mpaka mwisho kabla hujamwambia mjomba apige pasi shati lake.

Unajua tulipokuwa jirani nawe alikuwa analia akila, lakini alikuwa anakula. Tulipohamia hapa aliacha kulia, na kula akaacha. Mwezi wa kwanza nikasema ni ugeni. Wa pili nikasema ni meno, ingawa meno yote alishaota. Kufikia wa tatu alikuwa anaishi kwa maziwa na maganda ya mkate, ule wa ndani anausukuma pembeni kwa kidole, taratibu, kama anayetenga mawe. Nilipika kila ulichonifundisha, kwa mkono ule ule ulionifundisha. Alifunga mdomo kama duka siku ya msiba. Nilimbembeleza, nikamwimbia, nikageuza kijiko kikawa ndege, Wakili akasema ndege haziingii mdomoni mwa mtu, na kesi ikaishia hapo.

Nikampeleka kliniki. Nesi wetu ni mama mfupi, miwani yake ameifunga kamba shingoni. Akamweka Mzee kwenye mizani, akaandika, halafu akanionyesha kwenye kadi jinsi mstari wa uzito wake ulivyoanza kuinama kama mgongo wa mtu anayetafuta sindano. Aliniambia bila kunizungusha kwamba nimrudishe baada ya wiki nane, na kama mstari utakuwa bado unainama, watamlaza na kumlisha kwa mpira wa puani. Niliitikia kama mtu mwenye akili zake. Nje nilikaa kwenye benchi nikaisoma ile kadi mara tatu.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata baba yao nilichelewa kumwambia. Siku ile ile jioni nilimbana pua. Nilimbana pua, akafungua mdomo avute pumzi, nikatia kijiko. Alimeza. Nikaona nimeshinda. Kisha akatapika yote juu ya gauni langu, akaniangalia, akaniomba msamaha. Mtoto wa miaka minne, Mama, ananiomba mimi msamaha. Kijiko kile nilikitupa, na tangu siku hiyo mkono wangu haujakaribia pua ya mtu.

Nikamrudia nesi kesho yake kumweleza nilichofanya, maana lilikuwa linanikaa kifuani. Hakunigombeza. Akasema nipumzishe vita. Akasema mtoto wa namna hii anaona kila mtu mezani anamtazama yeye mdomo, basi nimpeleke mahali ambapo watu wanakula na hakuna anayejali kama yeye anakula au hali. Nikamuuliza mahali gani huko. Akacheka, akasema mji mzima huu, wewe unakosaje.

Ndipo Jumamosi zetu zilipoanzia. Unavyojua baba yao Jumamosi yuko kazini, lakini kazi yake inamwingiza kwenye majengo ambayo sisi wengine tunayapita tu, na chini ya kila jengo kubwa kuna mtu kutoka mbali aliyefungua mlango mdogo na kuweka sufuria. Akawa anarudi na maelekezo. Jengo la bluu, ushuke ngazi nyuma ya duka la vioo, kuna watu wanakata tambi kwa mkasi. Au pale penye benki, upande wa kutokea magari, kuna mzee anaoka mkate kwa kuubandika kwenye ukuta wa tanuri. Mimi nafunga Kitoto mgongoni, Mzee namtia kwenye kigari, Wakili anashika kigari na kutoa hoja njia nzima, na tunaingia mjini.

Usidhani tulianza vizuri. Mkahawa wa kwanza ulikuwa na vitambaa vyeupe mezani, na mhudumu alitutazama kama maji yanayoingia chini ya mlango. Tulikunywa maji yetu tukaondoka kwa heshima. Wa pili ulikuwa na viti virefu vya kuzunguka, Wakili akazunguka mpaka akabadilika rangi. Kwa Waitalia alibishana na mhudumu kwamba jibini linalovutika namna ile halijaiva, na yule kijana, Mungu ambariki, akarudi jikoni kuuliza. Kwa Wameksiko ndiko nilikoaibika hasa. Kulikuwa na kibakuli cha kitu cha kijani, laini, nikajua ni mbaazi zilizopondwa. Nikachota kijiko kizima niwaonyeshe watoto mama anavyokula kwa furaha. Mama, ilikuwa pilipili, pilipili tupu. Sikuweza kutema mbele yao, maana ningekuwa nimemfundisha Mzee kutema, basi nikameza nikitabasamu huku machozi yanashuka mpaka kidevuni. Mzee akaniuliza kwa upole kama ninalia kwa sababu ni kitamu. Nikamjibu ndiyo. Wakili akasema mashahidi wameona.

Lakini nilijifunza, na leo ungenifumba macho ukaniweka mtaa wowote wa mji huu, ningekutafutia mahali pa kula na watoto watatu kabla hujamaliza kulalamikia goti. Usiende saa ya chakula, nenda saa tano na nusu, wakati wapishi wana nafasi ya kucheka. Kama viti ni vya plastiki, ingia. Kama meza ya nyuma kuna mtoto wa mwenye mkahawa anafanya hesabu za shule, ingia na vua viatu, hapo umefika nyumbani. Agiza kwanza kitu cheupe kisicho na neno, wali mtupu au mkate mtupu, mtoto awe na cha kushika. Na usiombe kiti cha mtoto, uliza kama lipo boksi la soda. Boksi la soda halijawahi kukosekana popote.

Mzee hakula. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakula. Ila alikuwa anaangalia. Anakaa juu ya boksi lake, mikono magotini, anamwangalia mtu mzima anavuta tambi kwa mdomo mpaka mchuzi unamrukia shati, na hakuna anayemwambia mtu huyo lolote. Njiani kurudi ananisimulia. Yule mwenye ndevu kala bakuli mbili. Yule dada kamwachia mwenzake yai. Nikawa naona kama kuna mlango unafunguka, lakini wiki zilikuwa zinakwenda, na nilikuwa nazihesabu kila asubuhi kabla sijafungua macho.

Wiki ya tano baba yao akatuelekeza kwa mama mmoja aliyetoka nchi ya milima, ambayo jina lake mpaka leo ulimi wangu unateleza nikilitaja. Anauza vifurushi vidogo vya unga, ndani vina nyama au kabichi, vinaivishwa kwa mvuke kwenye vyungu vya bati vilivyopandiana kama ghorofa. Chumba chenyewe kina meza nne tu, na dirisha la jikoni liko wazi, unamwona anavyofanya kazi. Tulipokaa tu, kabla hata sijaagiza, alitoka akawapa Wakili na Mzee kila mmoja donge la unga uliokandwa, dogo kama limau, akarudi zake. Hakusema kitu. Wakili akatengeneza nyoka. Mzee akalishughulikia lile donge dakika kumi nzima, akiliminya, akilikunja, analifunua, anaanza upya.

Mimi nikajua ni la kuchezea tu, la kuwanyamazisha watoto mpaka chakula kiive. Hata nikamsifu mama yule moyoni. Chakula kilipokaribia kuja nikafanya kama ulivyotulea, nikafuta meza, nikawafuta mikono, nikachukua yale madonge, lile la Mzee lilikuwa limeshakuwa jeusi kidogo kwa vidole, nikayafunga kwenye karatasi, nikayatupa kwenye pipa la taka.

Mama, yule mwanamke alitoka jikoni kama nimemtupia mtoto. Mikono ina unga mpaka kwenye viwiko, anasema kwa lugha yao, anaonyesha pipa, anamwonyesha Mzee. Wateja wakageuka. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na kigari. Binti yake aliyekuwa meza ya nyuma na madaftari yake akaja kunitafsiria, akaona haya kuliko mimi. Akasema kwao unga aliopewa mtoto hautupwi. Mtoto anapewa ili atengeneze kifurushi chake, na anachokitengeneza kinaingia kwenye chungu pamoja na vya watu wazima, hata kikiwa kibaya namna gani, na anapelekewa kwenye bakuli lake peke yake. Akasema mama yake anauliza, mtoto huyu alikuwa amefanya kazi, mbona umemtupia kazi yake?

Nikamtazama Mzee. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama pipa, mikono nyuma.

Niliomba radhi. Sikumwomba yule mama, nilimwomba Mzee, mbele ya watu wote. Yule mama akanitazama, hasira ikamshuka, akamshika Mzee mkono akampeleka jikoni, akamsimamisha juu ya stuli, akampa donge jingine na kijiko cha kabichi. Nikaona kwa dirisha jinsi Mzee alivyotoa ulimi pembeni akifunga. Kikatoka kitu kilichofanana na sikio lililong'atwa. Yule mama akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka katikati ya vile vyake vilivyonyooka kama askari, akafunika.

Kililetwa peke yake kwenye bakuli. Mzee akakipuliza. Akakitazama huku na huku kama fundi anayekagua kazi. Akakila. Nami nilimkanyaga Wakili mguu chini ya meza asiseme neno. Alipomaliza akashuka kwenye boksi, akaenda mwenyewe mpaka dirishani, akauliza kama kuna unga mwingine. Siku hiyo alikula sita. Nilimgeukia Kitoto nikajifanya namfunga mbeleko upya.

Kwa hiyo ni kweli, Mama, yale aliyokupigia simu wifi yangu kukuambia. Alipita mtaa ule Jumamosi iliyofuata, akatuona kwa kioo, mimi nimekaa na mjukuu wako kasimama kwenye stuli kavaa aproni inayoburuta. Amekuambia nimeacha kupika na watoto nimewaachia jikoni mwa wageni tusiojua hata walikotoka. Ya pili ni kweli, tena nawashukuru wageni hao. Ya kwanza aje aione mwenyewe. Siku hizi humu ndani ubao wa kukatia uko sakafuni, na Mzee ndiye anayekanda. Anachapa anachotaka, anakunja anavyotaka, mimi naivisha na kumpelekea. Maharage anayachambua mwenyewe, moja moja, chakula cha mchana kinakuwa tayari saa kumi. Unga uko mpaka kwenye soksi za baba yake. Lakini anachokitengeneza anakila, na wiki iliyopita alikula na nilichokitengeneza mimi, akaniambia nimejitahidi.

Alhamisi nilimrudisha kliniki. Nikamvua viatu, nikamsimamisha kwenye mizani. Nesi akaandika, akavaa miwani, akaandika tena. Mstari umeacha kuinama. Haujapanda sana, sitaki kukudanganya, umenyanyuka kidogo kama mtu anayefikiria kuamka. Habari ya mpira wa puani hakuigusa. Amesema tuendelee hivyo hivyo, na akaomba nimwelekeze kwa mama wa vifurushi.

Sasa nije kwenye lile ulilosema mwisho wa ujumbe wako. Umenikumbusha kwamba mimi mwenyewe nilikuwa sitaki kula, na nilipofika miaka mitano ulinipeleka kwa bibi, nikakaa huko mwaka mzima, nikarudi nimenona mpaka gauni halifungi. Umesema mkono wa bibi ulinitibu. Hadithi hiyo umeisimulia kwenye harusi yangu, na nilicheka na wengine.

Mama, si mkono wa bibi. Siku uliyoniacha pale nililia mpaka bibi akachoka, ndipo akaniambia, ili ninyamaze tu, kwamba gauni nililokuja nalo likinibana utakuja kunichukua. Nilimwamini. Kila asubuhi kabla ya kunawa uso nilikuwa nalivaa lile gauni la vifungo ulilonivalisha, navuta pumzi, naangalia vifungo. Nilikuwa nakula nikiwa nimeshiba. Nilikuwa nakula sahani yangu na mabaki ya wenzangu, halafu nakwenda nyuma ya nyumba kujaribu kifungo cha juu. Sikuwahi kujua ladha ya chakula cha bibi, nasikia alikuwa mpishi mzuri. Mimi nilikuwa najenga njia ya kurudi kwako.

Na unakumbuka nilivyorudi? Wiki za kwanza nilikuwa nakuomba ruhusa ya kukaa kitini. Nakuomba ruhusa ya kunywa maji. Ulifurahi, ukawaambia majirani bibi amenifunza adabu. Haikuwa adabu. Nilikuwa sina hakika kama ile ni nyumba yangu au na mimi ni mgeni niliyeletwa.

Sikuambii haya kukulaumu. Nimezaa watatu, najua uzito. Najua mwaka ule baba alikuwa kitandani, mapacha wanataka ziwa, na wewe mikono ulikuwa nayo miwili tu. Ungefanya nini? Ulimpeleka mtoto mahali ulipojua atakula, na kweli nilikula. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Lakini mimi sasa si wewe wa mwaka ule. Baba yao anasimama, Kitoto ananyonya na kulala, na mimi nimechoka, ndiyo, nimechoka mpaka kuna siku nachana nywele za Wakili kwa uma, lakini kuchoka si kushindwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, umenifunza wewe. Na mzazi wa huyu ni mimi.

Mzee haendi. Mwambie mjomba namheshimu na apumzishe miguu yake.

Jana nilimwuliza Mzee mwenyewe, kwa sababu mimi hakuna aliyeniuliza. Nilimwambia bibi anakupenda, anataka ukakae kwake. Akafikiri, mikono nyuma, akatembea mpaka dirishani na kurudi. Akasema atakwenda kama na mimi nakwenda, na kama tunarudi siku hiyo hiyo, na akaongeza upesi upesi kwamba atakula kwanza, atakula vyote. Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha chini kuandika barua hii. Nikamwambia haendi popote, ale asile, hapa ndipo kwao. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika. Akasimama kidogo akiliangalia lile jibu, halafu akaenda zake kucheza.

Sasa namsikia Kitoto anageuka, nina dakika mbili. Msalimie mjomba kwa adabu zote. Wasalimie mapacha, mwambie yule mwenye deni la kunipigia simu kwamba sijasahau. Mwambie na fundi cherehani wa jirani yako kwamba magauni aliyomshonea Wakili bado yanamtosha. Wewe mwenyewe tunakusubiri, njoo ukae hata mwezi, kitanda chetu utalala wewe na sisi tutajua pa kulala.

Na ukimaliza kusoma, Mama, usinipigie siku hiyo hiyo. Lala nayo kwanza. Kesho yake ukipiga, nitapokea, na sitalia.

Ni mimi akupendaye,
Mwanao wa pili.